Rejesho Unalipa Wewe, Hati Ina Jina la Mwingine

“Nyumba ipo Bweri. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, maji na umeme vipo. Bei milioni 48. Mwenyewe anadaiwa benki milioni 26, na hati iko huko huko. Wewe mpe milioni 22 mkononi, hamia, halafu rejesho la kila mwezi endelea nalo. Likiisha, hati yako.”

Dalali wa Musoma akikupa maneno hayo, huenda hajasema uongo. Nyumba ipo, mwenyewe yupo, na deni lipo kama alivyolitaja. Alichokiacha ni kimoja: benki haikujui. Na katika mapatano ya namna hii, yule asiyejulikana na benki ndiye anayebeba hasara yote siku mambo yakiharibika.

Nimefanya kazi ya afisa mikopo Musoma na Bunda kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwetu ni Butiama, na sasa naishi Nyasho. Mpaka leo watu hunifuata nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na risiti za benki zilizofungwa kwa mpira. Wanaanza na shikamoo, wanamalizia na swali lile lile: “Mama, nimelipa kila mwezi, sijaruka hata mmoja. Hii nyumba si yangu?” Jibu ninalolazimika kuwapa huniuma, kwa sababu wengi wao ni watu waaminifu waliojinyima kwa muda mrefu. Naandika ili swali hilo liulizwe kabla hela haijatoka mfukoni.

Deni la biashara juu ya paa la familia

Ukisema nyumba ina mkopo, wengi hudhani ni mkopo ulioijenga nyumba hiyo. Kwetu mkoani Mara, mara nyingi sivyo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwaka 1973 ili kukopesha watu wajenge, ilianguka mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na pa kukopa nyumba. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na baadaye ikaundwa kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi. Hata hivyo riba ya mikopo hiyo kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na waliokopeshwa ni elfu chache tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

Kwa hiyo mtu wa Musoma hujenga kwa nguvu zake: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati likipatikana anapaua. Nyumba ikisimama na hati ikitoka, ndipo anaipeleka hati benki kuombea mtaji. Mmoja anataka mtaji wa samaki, mwingine duka la vifaa vya ujenzi, mwingine Fuso la kubeba mazao kutoka minadani. Nyumba inawekwa rehani kwa deni ambalo halikuijenga. Biashara ikiyumba, mwenye nyumba anabaki na mlango mmoja wa kutokea, ambao ni kuuza. Lakini hati haiko kabatini, na mnunuzi wa kulipa zote kwa mpigo hapatikani haraka. Hapo ndipo yanapozaliwa mapatano ya “malizia rejesho”.

Mnunuzi naye ana sababu zake. Ana akiba nusu ya bei, na benki anaiogopa kwa maswali yake ya mshahara, mzunguko wa biashara na wadhamini. Wote wawili wanaogopa pia gharama za kuhamisha umiliki: kodi ya asilimia 10 kwenye faida anayopata muuzaji mkazi, ushuru wa stempu wa asilimia 1, mthamini, wakili, ada za serikali. Wanatazamana wanasema, tuachie jina lile lile kwanza, mambo ya hati tutayamaliza baadaye. Nimeona “baadaye” hiyo ikigeuka miaka, na ikamkuta muuzaji kahama, kafariki au kabadilika.

Bei uliyotajiwa siyo bei utakayolipa

Kabla ya sheria, tufanye hesabu, maana wengi hawaifanyi. Chukua nyumba ile ya Bweri. Deni ni milioni 26, riba tuseme asilimia 17 kwa mwaka, na imebaki miaka mitano. Rejesho la kila mwezi litakuwa kama shilingi 646,000. Zidisha kwa miezi 60, unapata karibu milioni 38.8. Ongeza milioni 22 ulizompa mwenye nyumba. Umelipa karibu milioni 61 kwa nyumba uliyoambiwa ni ya milioni 48.

Hilo peke yake si dhambi, kwa sababu hela ya mkopo ina bei yake. Tatizo ni kwamba riba hiyo umelipa wewe, na haki anazopata mkopaji kwa kulipa riba amezipata mwingine. Katika rejesho lako la kwanza, kama shilingi 368,000 zinaliwa na riba, na 278,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Ukilipa mwaka mzima ukaona moyo umetulia, deni bado ni kubwa. Na anayejengewa sifa ya mlipaji mzuri benki ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkopo. Kesho akitaka kukopa tena, atapewa kwa uaminifu wako.

Jina lililo kwenye daftari

Sisi wa Butiama tuliishi jirani na mtu aliyeifikiria ardhi ya nchi hii kuliko wengi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita *Mali ya Taifa*, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya mtu binafsi. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa ardhi usio na kikomo uliofuata sheria za Kiingereza ulifutwa. Tangu hapo, ardhi yote Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na msimamo huo ndio uliokaa ndani ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Mwenye hati ya miaka 33, 66 au 99 anamiliki haki ya kuitumia ardhi kwa muda huo na kwa masharti yaliyoandikwa.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Unachonunua ni haki, na haki hiyo inaishi kwenye daftari la Msajili wa Hati. Tofali na bati vinafuata ardhi. Unaweza ukapewa funguo, ukahamisha bili ya maji na umeme, ukapaka rangi na kupanda miembe, lakini daftari likiwa linasoma jina la fulani, mwenye haki mbele ya sheria ni fulani. Sheria inasema wazi kwamba uhamisho usiosajiliwa haupitishi umiliki. Karatasi yenu inabaki kuwa mkataba kati ya watu wawili. Mkataba una nguvu yake, na unaweza kumshtaki nao aliyekuuzia akurudishie hela. Lakini mbele ya benki, ambayo rehani yake imesajiliwa, mkataba huo hauna ubavu.

Tena rehani yenyewe ina sharti ambalo wakopaji wengi husaini bila kulisoma: mkopaji hatahamisha mali kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya benki. Sharti hilo halikubuniwa Musoma wala si uonevu wa benki moja. Kenya wanalo kwenye Sheria yao ya Ardhi ya 2012. Marekani, ambako watu wengi walikuwa wakiuziana nyumba na mkopo ukabaki kwa muuzaji, sheria ya mwaka 1982 iliruhusu benki kudai deni lote kwa mara moja nyumba ikiuzwa bila idhini yake. Benki imekopesha baada ya kumchunguza mtu mmoja, kazi yake na historia yake. Haitaki kuamka asubuhi ikute dhamana yake iko mikononi mwa mtu isiyemfahamu.

Musoma: notisi ilikwenda kwa mwingine

Mwalimu mmoja wa sekondari alinunua nyumba Musoma kwa mapatano haya. Alimlipa muuzaji fedha ya mwanzo mbele ya mashahidi, akahamia na familia. Rejesho alikuwa akimtumia muuzaji kwa simu kila mwisho wa mwezi, na muuzaji, aliyekuwa amehamia Mwanza, ndiye aliyetakiwa kulipeleka benki. Mwanzoni alilipeleka. Baadaye biashara yake mpya ikambana, akawa analitumia kwa shida zake akitumaini kurudisha.

Benki ilifanya kama sheria inavyotaka. Mkopaji akishindwa kulipa, hupewa notisi ya maandishi, na siku 60 zikipita bila kurekebisha, benki inaweza kuuza. Lakini notisi huandikwa kwa mkopaji. Ilikwenda kwenye anwani ya muuzaji. Mwalimu hakuwa mkopaji, hakuwa mdhamini, hakuwa popote kwenye jalada. Tangazo la mnada wa ardhi nalo lina muda wake, siku zisizopungua 14, na ndilo lililomfikia. Alilikuta limebandikwa ukutani aliporudi kutoka kazini, na gari la matangazo likazunguka mtaani likitaja jina la mtu mwingine kwa nyumba aliyokuwa analala yeye.

Alikuja na bahasha. Nilimwambia ukweli: kabla nyumba haijauzwa, deni likilipwa lote rehani inakombolewa na mnada unakoma. Hakuwa na hela hiyo. Alikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, lakini benki ilikuwa na rehani iliyosajiliwa na notisi zilizotumwa ipasavyo. Nyumba ikauzwa. Na aliyenunua mnadani kwa nia njema analindwa na sheria, hata kama baadaye itaonekana kulikuwa na kasoro. Anayelalamika hubaki kudai fidia. Mwalimu alishinda kesi yake dhidi ya muuzaji, akapewa hukumu ya kurudishiwa fedha. Muuzaji hakuwa na mali ya kukamata. Hukumu ipo, hela haipo.

Hatari hiyo inazidi pale mkopo wa muuzaji unapokatwa kwenye mshahara wake. Wewe unamrudishia yeye kila mwezi, ukiamini makato yanaendelea. Akiachishwa kazi au kustaafu, makato yanakatika siku hiyo hiyo, na wewe utakuwa wa mwisho kujua.

Kifo cha muuzaji nacho kina mambo yake. Mikopo mingi ya benki ina bima, na mkopaji akifariki, bima hulipa salio. Msomaji anaweza kudhani hiyo ni heri kwa mnunuzi. Lakini deni likiisha kwa bima, hati inarudi kwa msimamizi wa mirathi, na wewe unakuwa mdai mmoja mbele ya ukoo wenye msiba. Watoto ambao hawakuwepo siku ya mauziano watauliza: baba alilipiwa na bima, huyu anadai nini? Na kama muuzaji alikuandikia hati ya uwakilishi ili ushughulikie mambo ya nyumba kwa niaba yake, nguvu ya hati hiyo inakufa pamoja naye.

Bunda: deni limeisha, hati haitoki

Kisa cha Bunda nilikuwa ndani yake, upande wa pili wa meza. Muuzaji alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Mnunuzi, mama muuza nafaka, alikuwa mwangalifu kuliko mwalimu wa Musoma. Hakumpa muuzaji rejesho mkononi. Alikuwa anakuja mwenyewe dirishani na kuweka hela kwenye akaunti ya mkopo mpaka senti ya mwisho. Siku alipomaliza alikuja amevaa vizuri, na kijana wake akamsindikiza, kuchukua hati.

Hati haikutoka. Muuzaji alikuwa na mkopo mwingine wa msimu, ule wa kununulia pamba, na alikuwa ameuongeza katikati. Rehani aliyosaini ilisema nyumba inadhamini madeni yake yote kwa benki, yaliyopo na yatakayokuja. Kila mama alipopunguza deni la kwanza, nafasi ya kukopa ya muuzaji ilipanuka, naye aliitumia. Sheria inaruhusu rehani ya namna hiyo, na siri za mteja hazimruhusu afisa wa benki kumweleza mtu mwingine kwamba mteja ameongeza mkopo. Kwa muda wote ule nilimwona mama yule akipanga foleni, nami nilimjua kama mtu anayemlipia ndugu yake. Hakuna karatasi iliyotuambia kwamba ni mnunuzi.

Mwishowe muuzaji na mama walikubaliana mbele ya wakili, muuzaji akauza shamba, deni la pamba likalipwa, hati ikatoka. Alifanikiwa kwa sababu muuzaji alikuwa na shamba na alikuwa na haya. Ulinzi wa nyumba yako usiutegemee haya ya mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika nyumba daftari lenyewe ni lile la Msajili, si daftari la kumbukumbu zako.

Butiama: mke aliyekuwa hajaulizwa

Ukitoka mjini ukaingia vijiji vya Butiama, sura inabadilika. Nyumba nyingi ziko kwenye ardhi ya kijiji. Wachache wana hati za kimila, wengi wana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, na mkopeshaji mara nyingi ni chama cha akiba na mikopo (SACCOS) au mtu binafsi. Karatasi hiyo hufungiwa kwenye droo kama dhamana. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuweka nyaraka zake dhamana kwa maandishi. Lakini dhamana ya namna hiyo haionekani kwenye daftari la Msajili, hivyo upekuzi wa mjini hautakufumbulia kitu. Inabidi uulize kijijini, kwenye masjala ya ardhi ya kijiji kama ipo, kwa mtendaji, kwa majirani, na kwenye vyama vya akiba vya eneo hilo.

Upande wa Kiabakari, kijana mmoja alikubali kumalizia deni la SACCOS la mzee aliyemuuzia nyumba na kiwanja. Alilimaliza vizuri, akapewa karatasi kutoka kwenye droo. Alipoanza kuezua bati ili ajenge upya, mke wa mzee alisimama mlangoni. Hakuwa ameulizwa wakati nyumba inawekwa dhamana, wala wakati inauzwa. Alikuwa ameilima ardhi ile na kulea watoto wake pale.

Wapo waliomlaumu mama yule kwamba anamdhulumu kijana. Mimi nasema alikuwa na haki, tena ya tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ajiridhishe kama mkopaji ana mke au mume na kama ameridhia. Kwetu Mara, ambako mzee anaweza kuwa na wake zaidi ya mmoja na kila mmoja na mji wake, ni wajibu wa mnunuzi kuuliza: nyumba hii ni ya mama yupi? Vilevile ardhi ya kijiji haihami bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia. Wazee walikaa, kijana akarudishiwa fedha yake kwa awamu, mama akabaki kwake. Hakuna aliyetajirika hapo. Kijana alipoteza muda, mzee alipoteza heshima.

Njia iliyonyooka

Je, nyumba yenye deni isinunuliwe? Inunuliwe. Kununua kwa mtu aliyebanwa na deni kwa bei ya haki ni kumsaidia asifike mnadani, ambako nyumba mara nyingi huuzwa kwa bei ya kusikitisha. Ila ununuzi huo unahusisha pande tatu: muuzaji pamoja na mwenzi wake, mnunuzi, na benki. Nimewahi kusimamia ununuzi wa muuguzi mmoja wa Musoma uliokwenda sawa, na hatua zake ndizo ninazomweleza kila anayekuja kwangu.

Kwanza, muuguzi na muuzaji walikwenda benki pamoja. Muuzaji alitoa ruhusa ya maandishi ili benki imweleze mnunuzi hali ya mkopo. Wakapewa barua ya salio, inayoonyesha deni lote, riba ya mpaka siku ya kulipa, adhabu kama ipo, na kama kuna mkopo mwingine unaodhaminiwa na hati hiyo. Barua hiyo ndiyo ingemwokoa mama wa Bunda.

Pili, walifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Zamani mafaili yetu yalitupeleka hadi Mwanza, lakini sasa ofisi ya ardhi ya mkoa iko Musoma. Upekuzi ulionyesha jina la mmiliki, rehani iliyosajiliwa, na kwamba hakuna zuio la mtu mwingine wala la mahakama. Waliangalia pia kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yake humfuata mnunuzi.

Tatu, mwenzi wa muuzaji alisaini ridhaa mbele ya wakili, si nyumbani jioni wala kwa simu.

Nne, hela haikupitia mkononi mwa muuzaji. Muuguzi alikuwa na akiba ya sehemu ya bei, na benki yake mwenyewe ikakubali kununua deni lililobaki. Benki hizo mbili ziliandikiana barua ya ahadi: huyu atalipa, yule ataachia hati. Deni likalipwa moja kwa moja, na kilichozidi ndicho alichopewa muuzaji. Benki ya kwanza ikasaini hati ya kuondoa rehani, uhamisho ukasajiliwa, na rehani mpya ikaandikwa kwa jina la muuguzi.

Zipo njia nyingine mbili. Kama una fedha yote, lipa salio benki kwa utaratibu huo huo, chukua hati pamoja na nyaraka za kuondoa rehani, kisha sajili. Au benki ya muuzaji yenyewe inaweza kukubali kukukopesha wewe ili deni la zamani lifungwe na lianze jipya kwa jina lako. Itakuchunguza kipato, na inaweza kukupa riba tofauti na ya muuzaji. Vumilia uchunguzi huo. Benki ikikukataa kwa sababu kipato chako hakibebi rejesho, sikiliza. Rejesho ambalo hakuna benki inayoamini utaliweza halipungui uzito kwa kulilipa kwa jina la mwingine.

Gharama ya wakili, mthamini, kodi na ushuru itakuuma. Ipangeni tangu mwanzo, na muandike nani analipa nini. Kwa nyumba ya milioni 48, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni shilingi 480,000, fedha isiyofika hata rejesho moja la ile nyumba ya Bweri. Hiyo ndiyo hela ambayo wengi wanaikwepa, wakaziweka milioni 22 hatarini.

Kama umeshaingia

Kwa wewe ambaye tayari unaishi kwenye nyumba ya namna hii, usikate tamaa na usikae kimya. Kuanzia mwezi huu, weka rejesho mwenyewe kwenye akaunti ya mkopo, jina lako likionekana kama mwekaji, na tunza kila risiti. Hela zote ulizomtumia muuzaji kwa simu, omba taarifa ya miamala uichape.

Pelekeni mkataba wenu kwa wakili auandike upya kama una mapengo: salio lililobaki, nani analipa nini, marufuku ya muuzaji kuongeza mkopo, saini ya mke au mume wake, na nini kitatokea mmoja akifariki. Mwombe muuzaji aiandikie benki kukutambulisha na kukuruhusu upewe taarifa za mkopo. Benki inaweza kuuliza maswali magumu kwa sababu sharti la idhini limevunjwa, ndiyo maana ni vizuri kwenda mkiwa na wakili na mpango wa kulihamisha deni. Benki ninazozijua mimi zinapenda deni lilipwe kuliko kuuza nyumba.

Kisha mweleze wakili akuwekee zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio halikupi umiliki wala haliifuti rehani iliyokutangulia, lakini litaandikwa kwenye daftari kwamba kuna mtu mwingine mwenye dai juu ya nyumba ile, na muuzaji hataweza kuiuza kwa mtu wa tatu kimya kimya. Na kama muuzaji amefariki, usingoje arobaini ipite ndipo uulize. Nenda kwa heshima kwa familia, ujue nani ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na umpelekee dai lako kwa maandishi.

Neno langu la mwisho ni kwa pande zote. Muuzaji, ukipokea rejesho la mtu, ujue umebeba paa la watoto wake, na rejesho hilo linapaswa kufika benki siku ile ile. Mwenyekiti wa mtaa, kabla hujagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, uliza swali moja mbele ya wote: hati iko wapi? Ukijibiwa iko benki, warudishe wakaanzie benki. Na wewe mnunuzi, iwe ni Musoma, Bunda au Butiama, usitoe hela ya kwanza mpaka umeiona barua ya salio ya mkopeshaji na saini ya mwenzi wa muuzaji. Asiyekubali kukupa hivyo viwili hauzi nyumba, anatafuta mtu wa kumlipia deni.